Babu Yako Hakula Daftari la Kodi

Mwanangu Skola,

Umeondoka saa nne asubuhi kwenda Katy kusukwa kwa Mama Neema, na mkono wa Mama Neema naujua: nywele ndogondogo kama unazozitaka haziishi kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo nina saa sita. Mimi niliyeendesha lori kutoka hapa Houston mpaka El Paso bila kusimama hata kujisaidia, leo saa sita naziona chache kwa karatasi tatu. Mbili nimeshazichana.

Habari za pasi, dawa za malaria na sweta la kule milimani sizigusi. Umezipanga vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi, na orodha umebandika kwenye friji kama daktari. Nina neno moja tu. Nalisema kwa kalamu kwa sababu mdomo wangu unaujua. Haupiti mahali bila kuacha chumvi. Kalamu ni nzito, inachosha mkono, na mtu aliyechoka hana nguvu za kuongeza uongo.

Neno lenyewe ni hili: babu yako hakula daftari la kodi.

Najua utacheka kwanza. Utasema, Ba'mdogo ameanza. Hapana, sijaanza. Leo namaliza.

Unaikumbuka siku ile ulipokuwa haiskuli, ulipoingia na begi mgongoni na uso umeukunja? Tulikuwa bado kule Gulfton, apatimenti ya ghorofa ya pili. Mimi nilikuwa nakaanga samaki, na Papa Kalume, yule jirani yetu Mkongo, alikuwa amekaa mezani akisubiri samaki bila kualikwa. Ukasema mwalimu wa historia amegawa darasa mafungu mawili kwa mjadala: fungu moja watetee wale Wamarekani wa zamani waliokataa kodi ya Mwingereza, fungu la pili watetee waliosema tusiasi, tubaki na mfalme. Wewe umeangukia fungu la mfalme.

Papa Kalume akapiga meza kwa kicheko. "Ati mtoto wa Afrika anapewa mfalme! Papa Kandidus, umesikia?"

Ukanigeukia ukaniuliza, kwa Kiswahili chako kile cha kutafuta maneno, "Ba'mdogo, kwetu kuna mtu yeyote aliyewahi kukaa upande wa Mwingereza? Nataka kujua alifikiri nini."

Swali lile, mwanangu, lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa Marekani, na nimeulizwa maswali na maofisa wa uhamiaji. Nami nilikuwa na jibu lake tumboni. Lakini Papa Kalume alikuwa ananitazama, na mafuta yalikuwa yanachemka, na mimi ndiye niliyewaambia watu wa ile apatimenti kwamba siku ya mafuriko niliogelea barabarani nimebeba televisheni kichwani. Ningesemaje mbele yake kwamba baba yangu alikuwa karani wa jumbe?

Nikainua ule upawa wa kukaangia kama mkuki. "Damu ya Fidelis haitetei Mwingereza!" nikasema. Nikakwambia jinsi Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alivyokuja na farasi wake kukusanya kodi, na Babu Fidelis alivyompokonya daftari, akalichana karatasi moja moja, akalitafuna na kulimeza lote mbele ya watu, jalada akalipasha moto kwanza ili lilainike. Papa Kalume alilia kwa kucheka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita na macho yako yalikuwa yanang'aa. Nani angeyazima macho yale? Si mimi.

Farasi hakuwapo. Kule kwetu farasi angekufa kwa mbung'o kabla hajafika.

Ukaenda shuleni ukamwomba mwalimu akubadilishie fungu, ukasimama ukasimulia daftari, darasa zima likapiga makofi. Yule kijana wa Kivietinamu aliyeachiwa mfalme peke yake, uliniambia mwenyewe, alisoma kutoka kwenye karatasi na hakuna aliyemsikiliza. Tangu hapo wewe ukawa mjukuu wa aliyekula daftari. Umeisimulia hata kwenye usaili wa chuo. Na mimi kila mara nilikuwa nakaa pembeni nikitabasamu kama mtu aliyekopesha koti lisilo lake.

Mwezi mmoja hivi baada ya mjadala nilikichukua kile kitabu chako kizito nikaenda nacho kazini. Wakati wa mapumziko wenzangu walikuwa wanavuta sigara, mimi nimekaa juu ya foklifti na kamusi, darasa la nane la zamani linapambana na Kiingereza cha historia. Nilitaka kuona tu hao watu wa mfalme walikuwa watu gani. Nilidhani nitakuta mabwana wenye soksi nyeupe. Nikakuta wenye maduka, wakulima, mchungaji mmoja, mjane mwenye kiwanda kidogo cha karatasi. Walisema: Mwingereza alitupigania vitani dhidi ya Mfaransa, vita vilimgharimu, na anachoomba ni kidogo kuliko kinacholipwa na watu wake kwake. Kama kodi hii haikupitishwa kwa haki, tumwandikie. Tumwandikie tena. Lakini ukivunja sheria kwa sababu huipendi, kesho jirani yako naye atavunja ile inayokulinda wewe. Na mnaosema uhuru, mbona mnakwenda usiku kumvunjia mtu madirisha kwa sababu amenunua chai ya Mwingereza?

Kisha nikasoma walivyofanyiwa. Lami ya moto, manyoya ya kuku juu yake, mtu anatembezwa mjini huku watoto wanamzomea. Wengine wakapakiwa melini kwenda Kanada kwenye baridi, nyumba zao zikachukuliwa na walewale majirani.

Skola, nilifunga kitabu. Nilimwona baba yangu humo ndani, kwenye kitabu cha Wamarekani, amevaa kofia ya wenzake. Msimamizi akaniuliza, "Kandi, unaumwa?" Nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Hapo ndipo ningekwambia. Lakini ulikuwa umeshapigiwa makofi, na mimi nikaona aibu mbele ya mtoto wa miaka kumi na sita. Nikaacha. Miaka minne nimeacha, na ningeendelea kuacha kama si Jumapili iliyopita kule Arlington.

Uliona mwenyewe jinsi watu walivyojaa kukuaga. Ulipopewa kipaza sauti ukasema unakwenda kusoma mwaka mmoja Dar es Salaam, na kwamba likizo ya kwanza utapanda mpaka kijijini na kamera yako, usimame kaburini kwa Babu Fidelis, uwakusanye wazee wakuhadithie siku alipokula daftari. Ukumbi ukashangilia. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Bibi Gaudensia, yule mama mzee aliyekuja kumtembelea mwanawe, anayetoka mlima wa pili kutoka kwetu, akanivuta mkono wa shati. Hakupaza sauti.

"Kandidus, mtoto huyu anakwenda kuyasema haya mbele ya watoto wa Alanus?"

Nikatia kijiko cha pilau mdomoni.

"Wewe una wazimu," akasema. "Wewe utakuwa hapa unakula pilau. Yeye ndiye atakayekuwa amesimama pale."

Njia nzima ya kurudi Houston ulikuwa unaniuliza mbona nimenyamaza. Nilikwambia jino. Jino sina, mwanangu. Niliyekuwa naye tangu Jumapili ni yule bibi.

Sasa sikiliza ya kweli, kwa mpangilio.

Babu yako alikuwa karani wa jumbe, kijana anayejua kusoma na kuandika kwa sababu ya mapadri. Kazi yake ilikuwa kuandika nani amelipa kodi ya kichwa na nani hajalipa. Mwaka mmoja Mwingereza akaipandisha, na kahawa mwaka huo ilikuwa mbaya. Alanus, rafiki wa babu yako tangu wanachunga mbuzi, akasimama uani kwa jumbe akasema, "Tusilipe hata senti mpaka watueleze inakwenda wapi." Alikuwa na haki ya kuuliza, na babu yako alimwambia hivyo. Usije ukafikiri palikuwa na mwema na mbaya. Palikuwa na marafiki wawili. Mtoto wa Alanus, Benedikto, alishikwa ubatizoni na babu yako.

Kilichowatenganisha nitakwambia kama nilivyoambiwa, na jinsi nilivyoambiwa ni aibu yangu nyingine. Ilikuwa baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimevaa shati la kijani la vijana wa chama, nimejifunza maneno mapya. Kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wote, nikasimama nikasema, "Na hata nyumbani kwetu yumo kibaraka." Watu wakapiga makofi. Unaona? Ugonjwa wa makofi nilikuwa nao tangu zamani.

Baba hakunipiga. Jioni aliniita nimsaidie kupukuchua mahindi, tukapukuchua weee, kisha akasema bila kunitazama:

"Bibi yako, mama yangu, alikuwa na wadogo watatu. Unawajua majina?"

Nikasema siwajui.

"Huwajui kwa sababu walikufa kabla ya kukua. Baba zetu waliinuka kupigana na Mjerumani. Walikuwa na haki kuliko sisi, Mjerumani alikuwa na kiboko. Walipoinuka, Mjerumani hakusumbuka kuwafukuza porini. Alichoma maghala. Akachoma mashamba. Mama yangu alikula mizizi akawazika mmoja baada ya mwingine. Waliosema tupigane walisema maneno mazuri sana. Hakuna aliyesema watoto watakula nini."

Nikamwambia, maana nilikuwa mjuaji, "Sasa wewe ukampenda Mwingereza."

"Mfalme simpendi, simjui. Sijawahi kumwona hata kwenye ndoto. Nawajua ninyi." Akatupa gunzi. "Kodi ni mzigo, na mzigo unaubeba leo, kesho unautua. Njaa haina pa kuitua. Nikawaambia wenzangu tulipe kilicho kidogo, halafu tuandike. Niliandika barua ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, wajane wakasamehewa kodi. Wajane kumi na wanne, Kandidus. Hakuna aliyepiga makofi."

Ndiyo hoja ambayo ningekupa siku ile ya samaki. Ungeibeba darasani kwako kwa yule mwalimu, ukasema: hawa watu wa mfalme hawakuwa na mapenzi na mfalme, walikuwa wamehesabu maghala. Kuvunja ni kazi ya siku moja na hakuhitaji kusoma. Barua ya tatu inahitaji mtu aliyemeza kimya cha mbili. Na mtu anayekulazimisha kuwa huru kwa kukuchomea nyumba, siku akiwa yeye ndiye serikali atakufanyia nini? Kwa sababu hilo nalo lilitokea. Vijana wa Alanus walipita wakikata mibuni ya waliolipa. Walimkatia mjane mmoja mibuni yote, mmoja wa wale waliosamehewa, hata kulipa hakulipa. Alanus hakuwatuma, lakini hakuwazuia.

Mimi nimeishi miaka mingi sasa na nimeona wanaopiga kelele na wanaoandika barua. Mimi nimekuwa wa kelele. Nakwambia, hoja ya babu yako naiona nzito mpaka leo, na uhuru wenyewe ulipokuja kwetu ulikuja kwa mikutano na karatasi, ghala hata moja halikuungua. Siku nilipoapa uraia hapa, wakatusomesha kiapo cha kukana wafalme wote, nikainua mkono, na moyoni nikasema, Baba, nisamehe.

Lakini sijamaliza.

Bwana Shauri alitaka majina ya waliokataa. Babu yako aliyaandika. La kwanza lilikuwa la Alanus. Angeweza kusema hajui. Angeweza kuugua siku hiyo. Aliandika kwa sababu ndiyo kazi aliyoapia, na kwa sababu ya mibuni ya yule mjane, na alijiambia watamtoza tu. Walimfunga. Alivunja mawe barabarani mwaka mzima, akarudi anakohoa, na hakuimaliza masika iliyofuata.

Tangu siku alipofungwa, kila mavuno babu yako alipeleka kikapu cha maharage mlangoni kwa Alanus alfajiri. Na kila mara, asubuhi iliyofuata, tulikikuta kwenye njia yetu, kimejaa, punje haijapungua. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani ni desturi ya kijiji, maharage kwenda kutembea na kurudi. Watu wa nyumba ile hawajawahi kula kwetu. Msibani wanakuja, wanazika, wanaondoka bila kunawa mikono.

Babu yako alipokuwa anakaribia kufa, baba yako, kaka yangu, alikuwa kazini mbali, nikawa mimi peke yangu kando ya kitanda chake. Akatoa karatasi chini ya mto. Ilikuwa barua ya nne. Aliiandika wiki ile Alanus alipofungwa, kumwombea kwa Bwana Shauri, imeandikwa vizuri, mwandiko wa mapadri, na imesema kila kitu: kwamba Alanus aliuliza swali la haki, kwamba hakukata mibuni, kwamba yeye karani ndiye anayestahili kuulizwa. Hakuipeleka. Aliogopa kupoteza kazi. Mtu aliyewaambia watu wote waandike, ile moja iliyomhusu rafiki yake ilimshinda miguu.

"Mpelekee Benedikto," akaniambia. "Siwezi kusamehewa, ila ajue."

Nikasema nitampelekea. Kutoka kwetu mpaka kwa Benedikto ni kuvuka kijito na kupanda. Mtoto anafika maji ya kunywa hayajachemka. Mimi niliyewaambia wote kuwa nimepambana na mamba wa hapa Texas kwa mikono mitupu, sikuvuka kile kijito. Nilizika, nikasema kesho, nikasema baada ya arobaini, kisha nikapanda ndege. Barua ile imekaa kwenye bahasha moja na karatasi zangu za uhamiaji miaka yote hii. Ofisa mmoja aliwahi kuikunjua akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia cheti cha ubatizo.

Ndiyo sababu hata nyumbani sijarudi. Nilikuwa nakwambia ni nauli, mara ni kazi. Nauli nilikuwa nayo.

Sasa naogopa, Skola. Naogopa picha hii: wewe na nywele zako mpya, kamera mkononi, unawaambia wajukuu wa Alanus kwamba babu yako alikula daftari. Hawatakupiga. Watakutazama tu, halafu mmoja ataondoka, na wa pili, na utabaki na kaburi. Hata nikiwa huku nitakisikia kimya kile. Naogopa pia kwamba ukishaisoma hii utaniona mimi ni samaki aliyeoza kichwa na mkia, na ile simu yako ya Jumapili haitalia. Lakini kati ya hofu mbili, ya kwanza ni yako na ya pili ni yangu. Nimechagua kubeba yangu.

Ukifika, usianzie kaburini. Vuka kijito. Benedikto bado yuko hai, Bibi Gaudensia ameniambia, anatembelea fimbo na ni mkali. Mwamkie, mwambie wewe ni nani, mwambie hujui kitu, umekuja kusikiliza. Hilo litakuwa kweli. Asipokukaribisha kuketi, simama. Asipokupa maji, usiombe. Kamera iache begani. Kuhusu barua ya nne, nimeiweka humu ndani pamoja na hii. Mimi sikutumi, ningekutuma ningekuwa bado najificha nyuma ya mtoto. Nimeshamwomba Bibi Gaudensia namba ya paroko wa kule, na Jumatatu nitapiga nimwombe amfikishie Benedikto salamu kwamba Kandidus wa Fidelis anakuja mwenyewe kabla ya mvua. Barua ni ya babu yako nawe ni mjukuu wake. Ukiona utangulie nayo, tangulia. Ukiona ningoje, iweke, nami nitaichukua kwako.

Na siku moja, ukipata nafasi, mtafute yule kijana wa Kivietinamu. Mwambie hoja yake ilikuwa na mwenyewe palepale darasani, ndiye wewe, ila mwenyewe alikuwa amedanganywa na ba'mdogo wake.

Ni saa kumi na robo. Nimesikia gari la Mama Neema linaingia pale chini, na kicheko chako kinapanda ngazi. Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii kwenye begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa angani. Nimeshaufungua hata ule mfuko wa pembeni.

Nimeufunga tena. Kwetu tayari kuna barua moja iliyofichwa. Hii nakupa mkononi, hapa mlangoni, na nitakaa hapohapo mpaka umalize kuisoma.

Ba'mdogo wako,
Kandidus wa Fidelis, mtoto wa karani